Joto la Chumba Changu Lilikuwa Linashuka Lenyewe

Umewahi kupandisha joto la chumba chako kwa kidole chako mwenyewe, ukakaa kitandani, ukaona namba zinashuka mbele ya macho yako na hakuna aliyegusa?

Mimi yamenikuta. Mlango nimeufunga, chumbani niko peke yangu.

Ishirini na mbili. Nikapepesa macho.

Kumi na sita.

"Toba!" nikasema, nikavuta blanketi hadi puani.

Ngojeni niwaeleze vizuri, wajukuu zangu, maana nisipoanzia kwa fundi hamtaelewa.

Nakaa kwa mwanangu wa kiume, yeye na mkewe. Baridi ya kwetu ikija haipigi hodi. Kwa hiyo mwanangu akaweka pampu ya joto. Ni sanduku kubwa lililokaa nje ya ukuta, lina feni. Linavuta joto kwenye hewa ya huko nje, hata ikiwa ya baridi, na kulileta ndani kwa mabomba. Msiniulize zaidi, mimi niliishia darasa la saba.

Fundi akaja na themostati, vile vifaa vya ukutani vya kuiambia pampu ipashe kiasi gani. Akavipanga mezani kama muuza saa.

"Usiweke kimoja sebuleni kwa nyumba nzima," akamwambia mwanangu. "Sebule imepakana na jiko. Mkipika, kitadhani nyumba yote ina joto, pampu itapumzika, na Bibi kule nyuma anatetemeka. Chumba chake kipate cha kwake."

Akaongeza, "Na mashine hii haipendi kukurupushwa. Mkipata joto mnalolitaka, liacheni hapo hapo. Siyo juu, chini, juu, chini."

Mimi nilishakiona changu. Cheupe, kina kitufe kinene cha kuzungusha na namba kubwa ninazozisoma bila miwani. Vidole vyangu vina baridi yabisi, mambo ya kupapasa kioo yananishinda.

"Fundi, mimi hiki."

Mwanangu akacheka. "Mama, hicho cha zamani. Hiki cha kioo nakiendesha kwa simu, hata nikiwa kazini. Wewe hutahangaika hata kuinuka."

Fundi akakuna kidevu. "Cha Bibi ndicho kinachomfaa, bosi."

"Weka cha kioo."

Kikawekwa. Nikajisifu moyoni, mtoto wangu ananijali.

Haikuchukua muda, mambo yakaanza. Nikipandisha, kinashuka. Nikipandisha tena, kinashuka tena. Nikawa navaa soksi juu ya soksi, na magoti yangu yakalia kama bawaba zisizotiwa mafuta.

Nikimwambia mwanangu, ananijibu, "Mashine bado inajizoesha, Mama." Halafu anatupia, "Hivi dada si alisema kwake hakuna baridi kabisa?"

"Dada yako watoto wake wanalala watatu kitanda kimoja," nikamwambia. "Mimi nitalala kabatini?"

Tukacheka wote. Mimi nilicheka kweli.

Sasa mnajua vichwa vyetu sisi mama wakwe. Nikaamua ni mke wake. Ndiye anayeshinda nyumbani, anashona nguo za watu, simu iko karibu na cherehani. Asubuhi moja nikamtolea uvivu.

"Kama umenichoka, sema. Usinigandishe kama nyama ya friji."

Cherehani ikanyamaza.

"Mimi, Mama?"

Akachukua simu, akampigia fundi.

Fundi akaja, akakifungua kifaa, akapuliza vumbi, akapima waya.

"Kizima kabisa, Bibi. Kinafanya kile kinachoambiwa."

"Kinaambiwa na nani?"

"Na simu. Na hapa naona kimeunganishwa na simu moja tu."

Mkwe wangu akaniwekea simu yake kiganjani. "Tafuta humo, Mama. Mimi hata sikuunganishwa. Nilimwomba, akasema nitaharibu."

Fundi akainama, akaanza kukusanya bisibisi ambazo hata hazikuwa zimetawanyika.

Simu moja. Wote watatu tulijua imo mfukoni mwa nani.

Nyie mnaonunua mashine hizi, sikieni maneno yangu. Msiulize tu kifaa gani kinapendeza ukutani. Ulizeni hivi: anayelala chumba hicho akipandisha joto, nani mwingine anaweza kulishusha? Kama yupo, kirudisheni dukani. Kinaweza kuwa kizuri, lakini siyo cha mtu mzima anayelala peke yake.

Jioni mwanangu aliporudi, alitukuta tumekaa sebuleni, mimi na mkewe, bega kwa bega. Nilikuwa nimeshamwomba radhi, naye alikuwa ameshanichemshia maji ya kukanda magoti.

"Baba," nikamwita, kama ninavyomwita tangu ananyonya. "Fundi amekuja. Kifaa ni kizima."

"Mama, zile mashine zina mambo yake..."

"Mashine haina shida na mimi. Niambie wewe. Ulikuwa unataka nini?"

Akatazama viatu vyake. Akamtazama mkewe, mkewe akageukia dirishani. Koti hakuvua.

"Nilitaka uchoke mwenyewe, Mama," akasema polepole. "Uombe mwenyewe kwenda kwa dada. Watu wasije wakasema nimekufukuza."