Mjomba Dirishani

Leo nusura mjomba wangu akamatwe kwa kuvunja nyumba yake mwenyewe.

Ngojeni niwaambie.

Wiki nzima mjomba amekuwa mbele ya ile channel ya Marekani, ya watangazaji wa kufoka. Kuna mtu mweusi huko alikamatwa mlangoni kwake, akidhaniwa mwizi, na mtangazaji anadai eti ni njama, jamaa alipanga yote ili awachafue polisi.

Mjomba naye: "Kweli kabisa! Mwenye nyumba angetoa kitambulisho, yaishe. Kelele za nini?"

Haya. Leo natoka kazini, nafika kwetu Hodge Hill, huku kwa Waingereza, naona gari la polisi. Mjomba alitoka kutupa taka, mlango ukajifunga. Akaamua kupitia dirisha la jikoni, na kikoi chake kiunoni. Mpita njia akapiga simu.

Polisi, mpole tu, akamwomba kitambulisho.

Weeh! Kiingereza chote kikamhama.

"Nimeulizwa kitambulisho na polisi wa kule nyumbani, Eastleigh, ujana wangu wote! Hapa ni kwangu! Sitoi!"

Mtaa mzima ukachungulia.

Nikafungua kwa ufunguo wangu, tukaingia wote. TV bado inawaka, mtangazaji bado na njama yake.

Polisi akaitazama TV. Akamtazama mjomba.

Nikauliza polepole, "Mjomba, na hii ya leo umepanga na nani?"

Akazima TV.

"Nyamaza. Mpe mgeni chai."

Polisi kaondoka, chai kaisifu. Mjomba yuko sebuleni, na rimoti ameikalia.

Nani kati yenu atakuja kuiomba?