Mji wa Mwezini Chumbani kwa Baba

Niliufuta mji wa baba yangu kwa lipu na rangi nyeupe, halafu nikasimama mlangoni nikijisifu. Nalisema mapema ili msomaji asije akanionea huruma pasipostahili. Baba alikuwa amelazwa Same mjini kwa ajili ya kifua, nami, mtoto niliyebaki nyumbani kwa kukosa pa kwenda, nilitaka arudi akute chumba kisafi. Ni mara chache sana napata wazo. Safari hii nikalipata, likawa hilo.

Ukuta wenyewe ulikuwa umebandikwa karatasi tangu sijazaliwa. Huku Vudee, milimani juu ya Same, nyumba nyingi zilikuwa hivyo: kurasa za magazeti na uji mzito wa muhogo, vumbi la udongo likatulia na baridi ikapungua kidogo. Wenzetu walibandika wanasiasa na matangazo ya sabuni. Baba alikuwa mfagizi wa zahanati ya misheni, na daktari mmoja mgeni alipofungasha kurudi kwao alimwachia rundo la majarida ya zamani yenye picha za maisha ya mwezini. Zilikuwa za kuchorwa kwa mkono. Nyumba zimefunikwa mabakuli ya kioo, magari hayana magurudumu, roketi nyekundu zimesimama uani kama kitu cha kawaida, na bustani ina kabichi kubwa kuliko mtoto. Baba alilima kabichi, na ile ya mwezini aliionea wivu wa kweli.

"Angalia jani," aliniambia. "Hakuna hata tundu moja la kiwavi."

Maandishi yalikuwa ya Kijerumani. Nilipomaliza kidato cha nne, nikarudi na cheti ambacho ningependa tusikizungumzie, nilisimama mbele ya ukuta ule nimsomee mzee, nikatoka na aibu yangu. Hakujali. Alikuwa ameshausoma kwa macho: huyu anakwenda sokoni, huyu ana kesi ya mpaka na jirani. Nilipomuuliza mbona mji mzima hauna mtu wa rangi yetu, alinijibu bila kusita, "Wako shamba. Mchoraji alikuja mchana."

Alituahidi kwamba mwaka elfu mbili tungepanda roketi kwenda Same na kurudi kabla chai haijapoa. Mwaka huo ulikuja ukapita. Mvua zikinyesha gari bado linakwama kwenye kona ileile, abiria wanashuka kusukuma, na miongoni mwao ni mimi, nimevaa viatu vya kanisani.

Nimejiuliza picha zile zilikuwa na nini hasa. Nadhani ni kwamba aliyezichora hakuwa na shaka. Anga aliipaka rangi ya chungwa kama mtu aliyekwenda akaiona. Na katika mji mzima hapakuwa na mtu aliyechoka, wala aliyekuwa anasubiri kitu. Sisi kusubiri ndiyo kazi yetu. Ukiamka kila siku mbele ya watu wasiosubiri, ama utawachukia, ama utahamia kwao.

Baba alihamia. Miaka ya karibuni alianza kusahau. Yalikwenda majina ya wajukuu, ikaenda njia ya kanisani, kisha nikaenda mimi. Aliniita fundi, siku nyingine mwalimu, cheo nilichokipokea kwa furaha. Ukuta hakuusahau. Kila asubuhi alikaa kitandani, akaweka kidole kwenye nyumba ya tatu kutoka dirishani, yenye mlango wa kijani, akasema, "Mama yenu bado hajaamka."

Mama tulimzika zamani. Mle alikuwa hai, ana mlango wa kijani na kabichi safi. Nililisikia jambo hilo kila asubuhi nikimletea chai. Nililisikia, na bado nikamwita fundi wa lipu.

Fundi mwenyewe aliniuliza, "Hizi picha mzee hazitaki?"

Nikamjibu kwa sauti ya mtu aliyesoma, "Karatasi tu hizo. Kwangua."

Vipande nilivijaza kwenye kiroba, nikamsukumizia mama jirani. Siku hizo nilikuwa nakula kwake, kwa kuwa jikoni kwetu tulikuwa tumerundika saruji.

Baba alirudi, akakaa kitandani, akanyoosha kidole. Kikagusa weupe. Akapapasa kulia, akapapasa kushoto.

"Mama yenu amehamia wapi?"

"Tumepaka rangi, baba."

"Sijauliza rangi."

Siku tatu hakugusa chai. Ya nne nikateremka Same na simu yangu. Humo simuni niligundua kwamba picha za namna ile zina wapenzi dunia nzima. Watu wanazisaka, wanazivaa kwenye fulana, wanazitundika migahawani ili wateja waone kwamba mwenye mgahawa ana akili. Nilichokionea aibu mimi, wenzangu wanajivunia. Nilichagua kumi zilizofanana na zetu, nikampa dada wa steshenari anitolee kwa rangi.

"Ni za mtoto, anko?"

"Ndiyo," nikasema. Mtu mzima mwenye ndevu.

Nilikoroga uji wa muhogo, nikazibandika. Mabakuli ya kioo yalikuwepo, roketi zilikuwepo, hata mlango wa kijani niliupata. Baba alizitazama moja moja, kwa adabu, kama mgeni anayetembezwa kwenye nyumba ya watu.

"Mji mzuri," alisema. "Ila hapa sina mtu."

Akalala, akaugeuzia mgongo.

Ndipo nikakumbuka kiroba. Nilijiambia kwamba hata kipande kimoja kingetosha, ule mlango tu, ningeubandika palepale alipozoea kuweka kidole. Nilivuka ua karibu nikikimbia. Mama jirani alikuwa kibarazani anachambua maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mzee amekula?"

"Bado. Mama, kile kiroba cha karatasi nilichokuletea, kipo?"

Alitupa punje mbovu uani, wala hakuinua kichwa.

"Nilizikokea moto wa yale makande. Na wewe ulikula, ukaomba uongezewe."