Ilizimika au Ilizimwa

Ukimwambia Akaale kompyuta "imezima", atakukatiza hapo hapo: "Imezimika yenyewe, ama kuna mtu ameizima?" Sisi wa Lodwar Kiswahili tunakipeleka mbio mbio, nani ana muda wa kuchambua? Mimi, askari wa geti pale ofisini, nilikuwa namtania: "Mwalimu, ingia darasani!" Naye anacheka.

Kazi yake ni kompyuta inayosoma kina cha mto Turkwel huko juu na kupiga king'ora maji yakija. Inakumbuka kila ilipowaka na ilipolala, hata ikiwashwa upya. Umeme ukikatika, inaonyesha. Mtu akiizima kwa mkono, inaonyesha pia. Akaale ananakili yote daftarini.

Mwezi wa nne aliacha kucheka. Mashine ilikuwa imezimwa kwa mkono mara mbili, yeye akiwa ameenda kula. Siku zote mbili malori ya bosi wetu yalikuwa mtoni yakipakia mchanga. King'ora kikilia wapakiaji hukimbia, lori linarudi tupu. Bosi akamwamuru aandike "ilizimika". Akaogopa kufukuzwa, akaandika.

Ila mdogo wake, Ewoi, alikuwa mmoja wa wapakiaji hao. Akaale alimsihi aache kazi ya mto. Ewoi alimcheka tu: "Dada, si king'ora kipo?"

Alhamisi moja jua lilikuwa kali, hakuna hata wingu. Akaale alirudi kutoka kula akakuta kompyuta ndiyo kwanza inawaka. Akafungua historia: imezimwa saa sita na dakika kumi, imewashwa saa saba na ishirini. Pale pale king'ora kikaanza kulia. Nikakitukana: sasa unalia nini, mshenzi wewe! Akaale alitoka mbio bila viatu, nami nikamfuata, geti likabaki wazi. Tulipofika mtoni, maji ya mvua ya huko juu yalikuwa yamejaa ukingo hadi ukingo, na lori la bosi limelala ubavu.

Ewoi tulimpata kesho yake, amenasa kwenye miti ya mikoma kando ya mto. Nililia mbele za watu, sikuona aibu.

Jumatatu bosi alikuja na pole zake, akafungua daftari mezani.

"Andika ilizimika, Akaale. Umeme ulikatika."

Akaale alishika kalamu. Akamwangalia, akauliza kwa upole kabisa:

"Na Ewoi, bosi? Niandike alizama, ama alizamishwa?"