Swali Lililonifukuzisha Shule

Siku moja, mwanangu, naikumbuka kama ya jana, nilifukuzwa shule kwa kuuliza swali. Nilikuwa kidato cha kwanza huko Masasi, na mwalimu wetu wa Kiingereza alituambia kwamba neno lolote linaloanza na "in" ni la kukanusha. Incorrect, si sahihi. Incomplete, haijakamilika. Invisible, haionekani. Tukaimba wote. Mimi na kiherehere changu nikanyoosha mkono.

"Na inside, mwalimu? Mbona maana yake ni ndani?"

Darasa likacheka. Mwalimu akaona nimemvua nguo mbele za watu. Akasema nisirudi mpaka nije na mzazi, nipige magoti mbele ya wenzangu, niseme nimekosa.

Nikapanda Newala kumfuata bibi aliyenilea. Njia nzima ya kurudi nilijizoeza kuomba radhi, maana shule niliipenda kuliko chakula. Tulipofika darasani, mwalimu alimwamkia bibi shikamoo, naye akaitikia marahaba. Nikaanza kupiga magoti. Bibi akanishika mkono, akaniinua.

"Alichouliza ni uongo?"

"Si uongo, bibi. Ni utovu wa adabu."

"Basi hapigi magoti. Wazee wetu walihamia mlimani Newala kusiko na maji, wakakubali kubeba mitungi kutoka bondeni maisha yao yote, ili wasitumwe na mtu. Huyu hatapigishwa magoti kwa jambo la kweli."

Tukaondoka, na nafasi yangu ikapotea. Mwaka mzima nilipalilia mikorosho huku nimemnunia bibi, hadi nikapata shule nyingine. Huko ndiko nilikojua kwamba hiyo "in" ina tabia nyingi: pengine hukanusha, pengine huingiza ndani, na pengine ni sehemu tu ya neno lenyewe. Hapo nikamwelewa bibi, ila mwalimu yule, hata leo nikimkumbuka, hasira hunipanda.

Mwanangu, heshima si utumwa. Mwamkie mwalimu wako, mpokee mzigo, lakini akikwambia kila kinachofanana mwanzo kina maana moja, muulize. Maneno ni kama watoto wa tumbo moja, kila mmoja na roho yake. Anayeita swali kiburi ana jambo analoliogopa. Sikudanganyi, utapoteza kitu. Mimi nilipoteza mwaka, na leo ningeuliza tena, kwa sauti kubwa zaidi.

Mungu akuzidishie maswali, mwanangu, na akukutanishe na walimu wasioyaogopa. Ukiwakosa, uliza hivyo hivyo.