Kitabu Alichokichagua Papa Kétsia

Katika senta ya Pinga, mji mdogo wa biashara mashariki mwa Kongo, kila aliyemjua Apollinaire alijua pia kwamba amesoma. Aliuza chumvi, sabuni na betri, vitu vilivyomfikia kwa pikipiki, lakini mteja aliyekawia kidogo dukani hakuondoka bila kusikia habari ya diploma yake ya Butembo. Alikuwa mwaminifu kwenye mizani. Lisemwe hilo kwanza, kwa maana yanayofuata hayampambi.

Mwaka ule watu waliokimbia vita walipolala madarasani, shule ilisimamisha masomo. Mama Blandine, direkteri wa shule ya msingi, hakutaka watoto wakae bure. Aliwaita wazazi akawagawia vijitabu vya programu ya serikali, ile inayomwanzisha mtoto kusoma kwa Kiswahili miaka miwili ya kwanza, huku Kifaransa kikija polepole kwa mdomo. Kila mzazi afundishe nyumbani kadiri awezavyo.

Adrienne, mke wa Apollinaire, alikipokea kijitabu kwa mikono miwili. Yeye aliacha masomo mwaka wa tano, ila hicho aliweza kukisoma chote. Jioni akamwambia mumewe:

"Papa Kétsia, mimi nitaweza kumufundisha na hii. Asubuhi, mbele ya kwenda ku shamba."

Apollinaire alicheka. "Kiswahili? Kiswahili hata mbuzi ya jirani inasikia. Mutoto wangu atasoma masomo."

"Atasoma kitu hasikie maana?"

"Mama Kétsia, kati yetu wawili, nani iko na diploma?"

Adrienne alikiweka kijitabu juu ya kabati, chini ya sufuria ya sikukuu. Apollinaire akamwagiza ndugu yake wa Butembo kitabu kinene chenye jalada la kung'aa, kilichoandikwa Ulaya kwa ajili ya watoto wa Ulaya, Kifaransa kitupu. Kilipofika alikiweka kwenye kaunta wiki nzima. Hakikuwa pale kwa ajili ya Kétsia. Kilikuwa pale kwa ajili ya wateja.

Alifundisha kama alivyofundishwa, kunakili na kukariri. Kétsia, binti yao wa miaka saba, alikaa juu ya gunia la chumvi nyuma ya kaunta akinakili kurasa, na mwandiko wake ukawa mzuri kuliko wa baba yake. Mteja akiingia, Apollinaire aliita, "Kétsia, somo," naye akasimama, mikono mgongoni, akatiririsha Kifaransa hadi mteja akasahau alichokuja kununua. Akina mama walipiga makofi. Hakuna aliyeuliza maana, hata baba mtu, kwa sababu kuuliza kungemlazimu kueleza, na kurasa nyingine hata yeye hakuzielewa vizuri. Alilijua hilo. Yeye aliyewasema vibaya wauzaji wanaofunika maharage yaliyotobolewa na wadudu kwa yale mazima, ndivyo alivyokuwa akifanya kila siku mbele ya watu, na kwa mtoto wake.

Shule ilifunguliwa baada ya karibu miaka miwili. Mama Blandine akampima kila mtoto ili ajue ampeleke mwaka upi. Siku ya Kétsia ilikuwa Alhamisi. Apollinaire alivaa shati jeupe, na dukani alikuwa amekwisha kutangaza kwamba binti yake ataingia moja kwa moja mwaka wa nne.

Mama Blandine alikifungua kile kitabu cha kung'aa kwenye picha ya kituo cha treni.

"Soma, mama."

Kétsia alisimama, mikono mgongoni, akaanza. Sauti safi, matamshi safi. Ilikuwa habari ya theluji, neige kwa Kifaransa.

"Unasoma wapi, mama? Nionyeshe na kidole."

Kidole kilitembea juu ya treni, na mdomo ukaendelea na theluji.

"Basi, basi. Na hii neige unasemaka, njo nini?"

Kétsia alifikiri kwa bidii. "Ni paji ya kumi na ine." Ukurasa wa kumi na nne ndio uliokuwa na theluji.

Mwalimu mmoja aliyesimama mlangoni alicheka, kisha akajikohoza. Mama Blandine hakucheka. Aliandika ubaoni neno moja la Kiswahili: maji. Mtoto alilitazama kama anavyotazama mtu asiyemjua.

"Papa Kétsia, nilipanaka kijitabu kwa kila nyumba. Nani alichaguaka hii ingine?"

Jibu la kweli lilikuwa fupi, na lilikuwa tayari kwenye ulimi wake.

"Mama yake," alisema Apollinaire. "Wanawake, unajua. Alipenda jalada."

Kétsia aliinua macho akamtazama baba yake, kisha akayashusha kwenye viatu vyake.

"Adrienne?" Mama Blandine alimwangalia kidogo. "Sawa. Mutoto ataanza mwaka wa kwanza. Na siku ya Mungu, misa ikishaisha, nitaongea na wamama juu ya ile mambo. Nitamuambia mbele ya wenzake, wote wasikie."

Walirudi nyumbani. 

Uani Adrienne alikuwa akichambua sombe, majani ya muhogo.

"Kétsia, Mama Direkteri alikuuliza nini?"

Mtoto alimtazama baba kwanza.

"Aliniuliza jina tu, mama."

Alilisema vizuri, bila kusitasita, na safari hii alielewa kila neno. Karibu miaka miwili Apollinaire alikuwa amefundisha, na hilo ndilo somo lake la kwanza lililoingia.  Alitamani mteja aite dukani. Hakuna aliyeita.

"Mama Kétsia," alisema, "hakuulizwa jina."

Akaeleza yote, theluji, treni, lile neno ubaoni. Alipofika penye jawabu alilolitoa, alilirudia neno kwa neno.

Adrienne aliendelea kuchambua mpaka majani yakaisha.

"Mbele ya mutoto?"

"Mbele yake."

"Basi utasema mbele ya wamama."

"Nitaenda kesho kwa Mama Direkteri, nitamuelezea..."

"Kesho enda. Na siku ya Mungu pia."

Alikwenda siku zote mbili. Jumapili, mwanamume pekee kati ya wanawake, maneno aliyoyaandaa kwa Kifaransa yalimkimbia, akabaki na Kiswahili cha mbuzi wa jirani.

"Ile kitabu njo mimi nilichagua. Mama Kétsia alikatala. Nilimusemea uongo."

Mama Emérita, muuza ndizi, akauliza kama kitabu bado kipo, maana jiko lake linasumbua kuwaka. Walicheka wote isipokuwa Adrienne. Apollinaire akakaa.

Siku hizi, asubuhi kabla ya shamba, ni Adrienne anayekaa na Kétsia kwenye gunia la chumvi, kijitabu katikati yao. Kisha mtoto huenda shuleni, akakaa kwenye benchi la wadogo, magoti yake hayaenei chini ya meza. Wateja hawajazoea.

"Kétsia, somo," anaita mmoja.

"Bado," anajibu Apollinaire. "Anaanza tu."

"Mukubwa vile, mu mwaka wa kwanza? Nani alimuchelewesha?"

"Ni mimi," anasema, macho kwenye mizani, naye anaendelea kupima chumvi.