Je, Unahisi Watu Wanakusema?

Swali la kwanza lilihusu usingizi. La pili lilihusu sauti: je, unasikia sauti za watu usiowaona? La tatu ndilo lililonitia moto: je, unahisi watu wanakusema? La nne lilikuwa ndugu yake: je, unahisi kuna mtu anakuangalia? Chini ya kila swali palikuwa na majibu matatu, Hapana, Kidogo na Sana. Nilitakiwa nitie alama kwenye moja, kisha niipeleke karatasi hiyo kliniki mjini Kisii siku ya sindano yangu ya kila mwezi.

Hiyo ilikuwa miaka ya sabini. Nilikuwa mwalimu wa darasa la pili huko Gesima, mpaka siku niliyogombana na ubao mbele ya watoto. Ubao ndio ulionianza kwa maneno, lakini nani angeniamini? Nikapelekwa hospitali, nikaambiwa nina skizofrenia, nikakaa huko, nikarudi nyumbani mnene na mwenye kusinzia. Daktari wangu wa Kisii, mtu wa Pwani mwenye Kiswahili kilichopigwa pasi, aliniahidi kwamba karatasi zikionyesha nafuu ataniandikia barua ya kurudi darasani Januari. Nilikitaka kipande cha chaki kuliko nilivyotaka mume.

Basi nikajaza kwa uaminifu. Sauti zilitoka kwenye Sana zikashuka hadi Kidogo, na kufikia mavuno ya wimbi zikawa Hapana. Usingizi ulikuwa mtamu. Swali la nne, Hapana. Lakini la tatu halikusogea hata kidogo. Kila mwezi nilitia alama kwenye Sana.

"Mwalimu," daktari akaniambia, "hili linanitia wasiwasi. Kudhani kwamba watu wanakusema ni dalili ya ugonjwa. Itabidi tuongeze dawa, na barua ingoje."

"Sidhani," nikamjibu. "Wananisema kweli."

"Wagonjwa wote hunieleza hivyo," akasema kwa upole, na upole wake ndio ulioniudhi zaidi.

Bwana huyu hakuwahi kuishi Gesima. Kwetu, binti wa watu akirudi kutoka hospitali ya wazimu halafu asisemwe, hapo ndipo daktari aitwe! Nilisemwa mtoni, nikasemwa kanisani siku ya Sabato kabla ya ombi la kwanza, na nikasemwa zaidi kwenye kituo cha chai, ambako akina mama husubiri lori la majani mabichi na midomo yao haina kazi nyingine. Baba alinishauri niandike Hapana, mambo yaishe. Mama, Msabato kuanzia utosini hadi unyayoni, alikataa katakata. Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, alisema, na kwetu neno lenye ubishi haliamuliwi na karatasi. Huletwa shahidi.

Akaenda kituo cha chai, akasimama katikati ya vikapu, akauliza kwa sauti ni nani amekuwa akimsema binti yake. Ghafla kila mtu akawa na shughuli ya kuchambua majani.

"Sikuja kugombana," mama akasema. "Natafuta shahidi wa kwenda Kisii. Nauli juu yangu."

Jirani yetu wa ng'ambo ya mto, bingwa wa kusema watu, akainua mkono.

Siku ya sindano tukaenda watatu, jirani akiwa amevaa gauni lake la kanisani. Hata hakungoja kupewa kiti.

"Daktari, mimi nasema huyu mwalimu. Nasema yeye kila siku. Hata leo kwa gari nimesema yeye kidogo."

Daktari akaweka kalamu chini. "Unasema nini, mama?"

"Nasema amenona. Nasema siku hizi hacheki peke yake. Nasema nani ataoa yeye?" Akanitupia jicho, akapunguza sauti. "Na nasema mimi naogopa. Kijana yangu anaingia darasa ya pili. Nasema huyu akirudi, mimi natoa kijana yangu hapo."

Mzaha uliisha. Mama akanishika mkono. Nilijua ninasemwa, lakini hilo sikuwa nimelisikia, nalo liliniuma.

"Ulikuwa unajua?" daktari akaniuliza.

"Niliandika Sana," nikamwambia.

Akaichukua tena kalamu. Kisha kando ya swali la tatu akaandika kwa mkono wake: Ni kweli, shahidi yupo. Akavuta karatasi nyingine, safi, akaanza kuiandika barua yangu.

Januari, siku ya kwanza, jirani mwenyewe alimleta mwanawe. Akamketisha dawati la mbele, halafu akaenda kusimama nje ya dirisha, kikapu mgongoni, akanikodolea macho. Swali la nne, la kuangaliwa, lingepata Sana siku hiyo. Nikafundisha kujumlisha, na kila nilipogeuka nilimkuta palepale.

Kisha nikageuka, na dirisha lilikuwa tupu. Alikuwa amekwenda kuchuma chai. Mtoto alikuwa bado dawati la mbele, anahesabu kwa vidole.

Nikaugeukia ubao ili darasa lisinione nikilia. Nao ubao, siku hiyo, haukusema neno.