Anayesikiliza Ndoto kwa Kopo la Wimbi

Saa moja na nusu asubuhi, ukungu umelala bondeni na ng'ombe wa shamba wanaonekana migongo tu. Katika kibanda cha mwisho cha laini, ile safu ya makazi ya wafanyakazi wa shamba, nje kidogo ya Lanet, Chepkurui amepiga magoti anasaga wimbi. Kando yake mwanamume mzima ameketi akiukabili ukuta, anazungumza polepole. Midomo yake inacheza, lakini aliye mlangoni hasikii neno.

Mwandishi wa habari hizi alijaribu. Alisogea, akatega sikio, akaambulia vumbi la unga puani. Shauri yake.

Ndivyo kazi ilivyo. Mwenye ndoto inayomsumbua huja na makopo manne ya wimbi. Chepkurui husaga, yeye husema. Mlio wa jiwe hufunika maneno, na kwa kuwa msagaji ameinama, hakuna anayemtazama mwenzake usoni. Mteja huondoka na unga wa makopo matatu, na la nne hubaki kuwa malipo.

Wengine hulia. Wengine husinzia katikati ya maneno, maana sauti ile inabembeleza, hata mwandishi alijikuta macho yanafumba akiwa amesimama wima. Chepkurui huwaacha walale.

"Watu wanafikiri mimi nafasiri ndoto," anasema akipangusa mikono. "Sifasiri kitu. Nasikiliza. Ndoto ikisemwa yote, mara nyingi inachoka yenyewe."

Ana miaka hamsini na kitu, mwenyewe hajui hasa. Mumewe alikwenda vita vya Burma na hakurudi, wala barua haikuja. Baada ya hapo Chepkurui alimwota amesimama katikati ya Ziwa Nakuru, maji magotini, ndege wekundu wamemzunguka, akimwita kwa jina lake la utotoni. Ilikuwa ndoto tamu, anasema, tamu hata akaanza kulala mchana ili aikute. Shamba lake likaota majani, mbuzi wake wakapotea.

Siku moja alimweleza jirani mtoni, bure tu, kama watu wanavyoelezana. Kabla jua halijatua laini nzima ilijua, na watoto wakaanza kumwita mke wa ndege. Aliona aibu, akajifungia ndani siku tatu.

"Lakini sikumlaumu sana," anasema. "Nilimpa neno bure, akaligawa bure. Lililolipiwa lina mwenyewe. Nitaligawa vipi?"

Kwa hiyo hapokei neno la bure. Asiye na wimbi huleta kuni, au humtekea ndoo ya maji. Unga anaouza humpatia kama shilingi ishirini kwa mwezi, na hapo ni mwezi mzuri, baada ya mavuno. Miezi ya njaa watu huota sana na wimbi hakuna.

Sasa kibanda chenyewe kinataka kumponyoka. Nyapara wa shamba, ambaye tutamwita Kiprugut kwa sababu hilo si jina lake, ndiye anayegawa vibanda. Amesikia kwamba mkewe alikuja hapa. Amempa Chepkurui mpaka Jumamosi aseme alichoambiwa, la sivyo afungashe. Na hoja yake si ya kuchekwa, maana anasema wimbi lilitoka ghalani kwake.

Alhamisi hii, saa nne, amekuja mwenyewe. Ni mtu mkubwa, koti la mvua, kofia mkononi. Hakujali kwamba mgeni anamwona.

"Wimbi lilikuwa langu," anasema. "Basi maneno ni yangu."

Chepkurui hasemi kama mkewe alikuja au hakuja. Anainuka, magoti yanalia, anachota unga na kujaza kopo moja mpaka juu, kisha anamnyooshea kwa mikono miwili.

"Kama kuna kopo lako lililobaki hapa, bwana nyapara, ndilo hili. Chukua."

"Sikuja kuchukua unga."

"Basi sina kingine chako."

Mwandishi alidhani atapiga mtu. Badala yake Kiprugut anakaa kizingitini, na sauti inashuka. Anaeleza kwamba mkewe analia usingizini, mwezi wa tatu sasa. Akiwasha taa, ananyamaza na kugeukia ukuta. Asubuhi anampikia chai kama kawaida. Yeye kazi yake ni kuamrisha watu mia, anasema, na hajui afanye nini na mtu mmoja.

"Umemuuliza?" anauliza Chepkurui.

"Nimuulize mimi?"

Anamtazama kama aliyeambiwa abebe ziwa kwa ungo. Kisha anavaa kofia. Kopo hakuligusa, na Jumamosi, anasema, mkokoteni utakuja kubeba vitu vyake Chepkurui.

Alipokwisha kutoweka njiani, mwandishi alishauri jambo ambalo sasa analionea haya. Kwa nini asimdanganye kidogo? Amwambie kwamba mkewe aliota mavuno tu, abaki na kibanda chake.

"Nikimpa hata la uongo, atajua kwamba huwa natoa," anajibu bila hasira. "Na yule anayelia atalia peke yake."

Amepata chumba mtaa wa Bondeni, mjini Nakuru, shilingi kumi na moja kwa mwezi. Akiba yake ni shilingi thelathini na nne, yaani miezi mitatu, na huko hakuna anayemfahamu. Anaogopa, na anasema hivyo waziwazi. Anachokipenda ni kwamba chumba kina mlango wa mbao wenye komeo la ndani.

Mwandishi alimuuliza anatumaini nini, akifikiri atataja wateja wa mjini. Chepkurui aligeuza macho kwenye njia aliyoshika nyapara.

"Yule bwana ananifukuza kwa swali ambalo jibu lake liko kitandani kwake," anasema. "Akienda akamuuliza mwenyewe, vizuri, na akanyamaza mpaka ajibiwe, mimi nimekosa mteja. Hiyo ndiyo hasara ninayoiomba kwa Mungu."